Hesabu ya Kutoa Iliyofichua Moshi wa Nyika

Kila Septemba na Oktoba, hewa iliyo juu ya Atlantiki, kati ya Angola na Brazili, hujaa ozoni. Chini yake hakuna kiwanda, barabara wala jiji. Kuna kisiwa kidogo cha Ascension, meli za kupita na maji matupu. Hadi katikati ya miaka ya 1980, mtu akiulizia ozoni chafu alionyeshwa Los Angeles, mji wa magari na jua kali, au miji ya Ulaya wakati wa joto. Bahari ya kusini haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Hakuna baharia aliyeinusa hali hii wala chombo kilichopelekwa pale kuitafuta. Iligunduliwa kwa hesabu ya kutoa, iliyofanywa ofisini katika jimbo la Virginia, Marekani.

Aliyeongoza hesabu hiyo ni Jack Fishman, mtaalamu wa angahewa katika kituo cha utafiti cha NASA cha Langley. Hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1978, yeye na Paul Crutzen, Mholanzi ambaye baadaye aligawana na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1995, walichapisha katika jarida la Nature hoja iliyopingana na mazoea ya wakati ule. Wengi walishika kwamba ozoni iliyo karibu nasi imeshuka tu kutoka juu. Fishman na Crutzen wakasema sivyo: nyingine inazaliwa huku huku chini.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana wengi wetu shuleni tulifundishwa ozoni moja tu, ile inayotukinga na jua. Ukweli ni kwamba molekuli ni ile ile, atomi tatu za oksijeni, na kinachobadilika ni mahali ilipo. Karibu asilimia 90 ya ozoni yote iko katika stratosfia, sehemu kubwa yake kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, na huko ndiko inakozuia mionzi ya urujuanimno. Asilimia 10 iliyobaki iko katika troposfia, tabaka ambamo tunavuta pumzi na mvua inatengenezwa. Ikiwa huku chini, ozoni huwasha mapafu, hudhuru majani ya mimea na hubakiza joto. Hutokea pale oksidi za nitrojeni zinapokutana na kaboni monoksaidi na mivuke ya haidrokaboni, kisha jua likapiga. Bomba la gari hutoa vitu hivyo vyote. Nyasi zinazoungua hutoa vile vile.

Tatizo la mpimaji ni kwamba asilimia 10 imefunikwa na asilimia 90. Setilaiti inayotazama chini kutoka kilomita mia kadhaa lazima ipenye kwanza ozoni ya juu ndipo ifike kwenye ile inayotugusa.

Setilaiti yenyewe iliyofungua mlango huu ni Nimbus-7, iliyorushwa Oktoba 1978 ikiwa na chombo kiitwacho TOMS, kilichodumu kazini hadi mwaka 1993. Kazi ya TOMS ilikuwa kupokea mwanga wa jua unaorudi angani baada ya kugonga ardhi, mawingu na hewa yenyewe. Baadhi ya mawimbi ya urujuanimno humezwa sana na ozoni, na mengine yaliyo jirani nayo hupita bila kuguswa sana. Ukilinganisha yaliyorudi mengi na yaliyorudi machache, unapata kiasi cha ozoni iliyokuwa njiani. Jibu huandikwa kwa uniti za Dobson, zilizopewa jina la Gordon Dobson wa Oxford, aliyeunda kipimio cha ardhini cha ozoni katika miaka ya 1920. Uniti 300 ni sawa na ozoni tupu yenye unene wa milimita tatu, kama ingeshushwa yote hadi usawa wa bahari. Milimita tatu, basi. Hicho ndicho kivuli ambacho viumbe wa nchi kavu wanaishi chini yake.

Ukiifuata njia hiyo vizuri utaona kwamba setilaiti haioni ozoni kamwe. Inahesabu mwanga, na mengine yote ni kazi ya binadamu: kukisia, kusahihisha, kuamua namba ipi iaminiwe na ipi itiliwe shaka. Hapo ndipo penye utamu wa taaluma hii, na ndipo penye hatari yake. Mwaka 1985 dunia ililiona hilo waziwazi. Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza mwezi Mei kwamba ozoni juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ilikuwa inaporomoka kila majira ya kuchipua ya kule. Walitumia kipimio cha Dobson kilichokaa ardhini, chombo cha kizamani kabisa. Swali likaja: setilaiti ya Wamarekani ilikuwa wapi?

Imesimuliwa mara nyingi kwamba kompyuta za NASA zilizitupa namba hizo kwa sababu zilikuwa ndogo mno. Hadithi inapendeza, lakini haiko sawa. Programu iliweka alama ya tahadhari kwa kipimo chochote kilichoshuka chini ya uniti 180, na vipimo hivyo vilihifadhiwa. Wataalamu waliviona mwaka 1984 wakasita, kwa sababu kipimio cha ardhini kilichokuwa Ncha ya Kusini kilisoma karibu 300 wakati ule ule. Baadaye ikabainika kwamba kilichokosea ni kile cha Ncha ya Kusini. Agosti 1985, Pawan Bhartia, mmoja wa wataalamu hao, na wenzake walionyesha mkutanoni Prague ramani ya tundu zima la ozoni, kubwa kuliko nchi nyingi. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni ukatiwa saini, na sekretarieti yake iko Nairobi hadi leo, katika makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.

Tundu la Antaktika lilichukua vichwa vyote vya magazeti. Fishman alikuwa akitazama upande mwingine wa namba zile zile. TOMS ilimpa ozoni yote, kuanzia juu hadi chini. Chombo kingine cha NASA, SAGE, kilikuwa kinapima ozoni ya stratosfia peke yake kwa kulitazama jua likichomoza na kuzama nyuma ya ukingo wa dunia: mwanga ukipita ubavuni mwa angahewa, kila kimo kinaacha alama yake. Fishman akachukua ile ya kwanza, akatoa ile ya pili. Kilichobaki ni ozoni ya chini.

Kwa kusema ni rahisi. Kwa kutenda, ni sawa na kutaka kujua uzito wa utingo kwa kulipima lori kwenye mizani ya Mariakani akiwa amepanda, kisha kulipima tena akiwa ameshuka. Mizani ikikosea kilo ishirini, kwa lori si kitu, kwa utingo ni balaa. Chukua mfano wa namba za ukanda wetu wa tropiki: ozoni yote uniti 275, ya stratosfia 240, inabaki 35. Kosa la asilimia mbili tu katika ile 275 ni zaidi ya uniti tano, na tano katika 35 zinaweza kuunda doa la uchafu mahali palipo safi, au kulifuta mahali lilipo. Zaidi ya hayo, SAGE hupata macheo na machweo machache tu kwa siku, kwa hiyo ramani hazikuweza kuwa za siku moja. Zilibidi kuunganishwa kwa misimu na miaka. Ndiyo maana makala za kwanza za Fishman, ya mwaka 1987 na ile ya 1990, zimeandikwa kwa lugha ya tahadhari. Mwandishi anajua kwamba msomaji wake atamuuliza kuhusu mizani.

Hata hivyo doa la Atlantiki halikuondoka. Kila mwaka lilijitokeza pale pale, kusini mwa ikweta, magharibi mwa Afrika, na lilikomaa Septemba na Oktoba. Huo ni mwisho wa kiangazi. Kuanzia Juni hivi, nyika za Angola, Zambia, kusini mwa Kongo, Msumbiji na kusini mwa Tanzania huwaka. Watu husafisha mashamba, hutaka nyasi mpya za mifugo, hufukuza wanyama wadogo, hurina asali, na mara nyingine moto hupotea njia. Pepo za mashariki huubeba moshi hadi baharini. Upande wa pili moto wa Brazili nao hutoa wake, ukapandishwa na mawingu ya radi na kusukumwa kuelekea Afrika. Hewa ya Atlantiki ya kusini huwa inazama taratibu badala ya kupanda, kwa hiyo kilichoingia humo hukaa, na jua linapata muda wa kutosha kuugeuza moshi kuwa ozoni.

Lakini nani atasadiki namba iliyobaki baada ya kutoa? Jibu lilitoka Brazzaville. Kule, kwenye ukingo wa Mto Kongo, watafiti walikuwa wakirusha maputo yenye vipimio vya ozoni, vinavyopanda na kusoma hewa kimo kwa kimo. Mwaka 1991 Fishman alichapisha katika jarida la Science pamoja na wenzake, wakiwemo Cros na Nganga, waliofanya kazi Brazzaville, na maputo yao yalisema yale yale yaliyosemwa na hesabu: wakati wa kiangazi, hewa ya chini juu ya Kongo imejaa ozoni. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kisa inayopunjwa. Ramani ya rangi husambaa, puto husahaulika, ingawa bila puto ramani ingebaki kuwa dhana nzuri.

Mwaka uliofuata NASA ilileta ndege yake ya utafiti, DC-8, ikaruka kutoka Brazili, Johannesburg, Windhoek na Ascension katika operesheni iliyoitwa TRACE-A, huku timu nyingine ya kimataifa, SAFARI, ikipima mioto yenyewe kusini mwa Afrika. Doa likathibitika. Hadi hapo ungedhani kisa kimekwisha, na mkulima mwenye kiberiti ameshapatikana na hatia.

Kisha ikaja safari ya mwaka 1999. Januari na Februari meli ya utafiti Ronald H. Brown ilisafiri kutoka Norfolk, Marekani, hadi Cape Town, na Anne Thompson wa NASA pamoja na wenzake walirusha maputo njiani. Miezi hiyo moto uko kaskazini mwa ikweta, katika nchi za Afrika Magharibi na ya Kati zilizo kwenye kiangazi, ilhali kusini kunanyesha. Kama moshi ndio chanzo cha kila kitu, ozoni ingekuwa kaskazini. Setilaiti ziliionyesha kusini. Maputo yakatoa picha iliyo ngumu zaidi: kaskazini ozoni ya moshi ilikuwepo kweli, lakini chini sana, mahali ambapo chombo cha angani kinachotumia urujuanimno hakina macho mazuri. Kusini ilikuwepo nyingine, juu zaidi, bila moto wa kuieleza. Thompson na wenzake waliuita huo kitendawili cha Atlantiki ya tropiki. Sehemu ya jibu ni radi. Kila inapopiga, joto lake huvunja nitrojeni na oksijeni ya hewa na kuziunganisha upya kuwa oksidi za nitrojeni, huko huko juu ambako ozoni hudumu muda mrefu. Na bara la Afrika, hasa bonde la Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani.

Nakipenda kitendawili hiki kwa sababu kinamharibia mtu hukumu ya haraka. Mikutano ya mazingira hupenda mshtakiwa mmoja, na mkulima wa nyikani hana wakili. Moto wake una sehemu yake, tena kubwa, katika doa la Septemba. Doa la Januari lina mambo mengine ndani yake.

Hesabu ya kutoa nayo iliendelea kuboreshwa. Njia ninayoiona ya werevu kuliko zote ni ya mwaka 1998, ya Jerry Ziemke, Sushil Chandra na Bhartia yule yule. Katika tropiki mawingu ya mvua hupanda hadi karibu na dari ya troposfia. Setilaiti ikipita juu ya wingu la namna hiyo haioni kilicho chini yake, kwa hiyo inachopima ni ozoni ya stratosfia peke yake. Ikipita jirani, penye anga wazi, inapima yote. Tofauti ya hivyo viwili ni ozoni ya chini, na safari hii chombo ni kimoja, kwa hiyo kosa la mizani linajifuta lenyewe kwa kiasi kikubwa. Mawingu, ambayo wapimaji wengine wa anga huyalaani, hapa yakawa ndiyo kifaa.

Mwaka 1998 huo huo Thompson alianzisha mtandao wa SHADOZ, wa kukusanya vipimo vya maputo kutoka vituo vya tropiki, hasa vya kusini mwa ikweta, na kuviweka wazi kwa yeyote anayevihitaji. Afrika Mashariki ilikuwamo tangu mapema. Nairobi, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikishirikiana na ofisi ya hali ya hewa ya Uswisi ilikuwa imeshaanza kurusha maputo ya ozoni katikati ya miaka ya 1990. Pwani, kuanzia mwaka 1999 na kwa miaka kadhaa, maputo yalirushwa pia eneo la Malindi, katika kituo cha anga cha Waitalia cha San Marco, kilichopo Ngomeni. Ni kituo kile kile ambacho majukwaa yake ya baharini yalirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Wakazi wengi wa Malindi wanaijua San Marco kwa roketi. Sidhani kama wengi wanajua kwamba hewa ya juu ya mji wao imo katika kumbukumbu za ozoni za dunia.

Kifaa chenyewe hakina fahari. Ni kisanduku chepesi cha povu gumu, ndani yake pampu ndogo na vikombe vyenye myeyuko wa iodidi ya potasiamu. Hewa inapovutwa ndani, ozoni huuchokoza myeyuko, mkondo mdogo wa umeme hupita, na redio hutuma namba ardhini. Puto hupanda zaidi ya kilomita 30, likivimba kadiri hewa inavyopungua nje, hadi linapasuka. Mara nyingi kisanduku hakirudi. Mtaalamu lazima auandae myeyuko kwa kipimo kamili kabla ya kila urushaji, akijaribu na kusafisha, kwa sababu tofauti ndogo katika maandalizi huonekana katika matokeo.

Na matokeo yamewahi kukosea. Mwaka 2020, Ryan Stauffer, Thompson na wenzao waliripoti kwamba karibu theluthi moja ya vituo vya maputo walivyovichunguza duniani vilianza, baada ya mwaka 2013, kusoma ozoni pungufu kwa asilimia chache. Hewa haikuwa imebadilika. Dosari ilikuwa kwenye vifaa. Waliogundua walifanya hivyo kwa kulinganisha maputo na setilaiti, ikiwemo Aura, iliyorushwa mwaka 2004. Mwaka 1991 puto la Brazzaville liliisimamia setilaiti, na sasa setilaiti ikalikosoa puto. Hakuna upande ulio hakimu wa kudumu.

Hilo lina uzito mtu anapouliza swali ambalo serikali huuliza: je, ozoni ya chini inaongezeka? Uchambuzi wa SHADOZ uliochapishwa mwaka 2021, uliojumuisha vipimo vya Nairobi tangu 1998 hadi 2019, ulikuta mabadiliko madogo katika sehemu kubwa ya tropiki, yanayotegemea msimu, na madogo kuliko yale yaliyokuwa yakitajwa kutokana na baadhi ya setilaiti. Anayetaka jibu la neno moja hatalipata humo. Maputo ya Nairobi yalisaidia kuzuia jibu la uongo.

Fishman mwenyewe aliishia kwenye majani. Baada ya NASA alihamia Chuo Kikuu cha Saint Louis, Missouri, akapanda bustani za mimea inayoonyesha madhara ya ozoni kwa macho: maharage na mimea mingine ambayo majani yake hupata vidoa vyeusi hewa inapochafuka. Kabla ya hapo, mwaka 2010, yeye na wenzake walikuwa wameunganisha vipimo vya ardhini na vya setilaiti kueleza upotevu wa mavuno ya soya katika majimbo ya kati ya Marekani. Maharage na ngano ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi. Mkulima wa maharage wa Mbeya au Murang'a akiona vidoa kwenye majani atawaza ukungu au mdudu, na mara nyingi atakuwa sahihi. Ila hakuna vipimio vya kutosha vya kumwambia lini si sahihi. Na asidhani kwamba yuko salama kwa kuwa mbali na mji: katikati ya jiji, oksidi ya nitrojeni mbichi kutoka kwenye magari huila ozoni, kisha ozoni huzaliwa tena upepo unapofika mashambani.

Setilaiti za leo zinaona vizuri zaidi. TROPOMI, chombo cha Ulaya kilichopo angani tangu Oktoba 2017, hupita juu yetu mara moja kwa siku, mchana saa saba na nusu hivi. Wanachokitaka wanasayansi sasa ni chombo kinachokaa juu ya bara moja na kulitazama saa baada ya saa, asubuhi magari yanapoanza, alasiri mioto inapopamba. Asia wanacho tangu mwaka 2020, GEMS ya Korea Kusini. Amerika Kaskazini wana TEMPO tangu 2023. Ulaya walirusha Sentinel-4 mwaka 2025, na jicho lake linafika Afrika Kaskazini tu. Kusini mwa Sahara, mahali penye sehemu kubwa ya nyika zinazoungua duniani na radi nyingi kuliko karibu popote, bado hakuna chombo cha aina hiyo. Tunalo pito moja la mchana, na maputo ya Nairobi.